Mululuza wa Mawe na Pacha Wake Mwongo

Taaka alizaliwa upande wa Busia, kwa Wasamia, akaolewa Nagongera akiwa na mwili mwembamba na ulimi mkali. Mwili umenenepa, ulimi uko vilevile. Siku za soko huuza mboga na majani ya dawa, na mteja anayethubutu kuuliza kama dawa ni ya kweli hufukuzwa hapohapo, aende akanunue vidonge.

Majani alifundishwa na mama yake. Ukoo huu wa mimea unautambua kwa ua, mama alikuwa akimwambia: unalodhani ni ua moja, kumbe ni maua madogo mengi yaliyobanana kama watu kanisani siku ya Krismasi. Alizeti ni wa ukoo huo, kishona nguo pia, na mululuza mchungu ulioota kwenye wigo wa kila mtu. Lakini yupo ndugu yao adimu mwenye maua ya zambarau, anayeota kwenye miamba ya Petta, na wachoma mkaa wanazidi kummaliza. Kwao waliuita mululuza wa mawe, na kwa tumbo linalosokota Taaka hakuamini kitu kingine. Shida ni kwamba una pacha. Maua ni yaleyale, kimo ni kilekile, ila ng'ombe akimla pacha huyo haamki tena. Mama alimpa jina la mwongo.

Kuwatenganisha si kazi, ukiwa na subira. Mululuza wa mawe una manyoya meupe chini ya jani, na ukiutafuna ni mchungu wa kukunja uso. Mwongo ni kijani juu na chini, wala hauna ladha yoyote. Kwa hiyo usichume jani lililolowa, maana manyoya yakilowa hulala, na weupe usiuone.

Taaka aliijua sheria hiyo kuliko jina lake. Lakini binti yake Jovia, aliyeolewa Molo, alikuwa amelala na tumbo linalosokota siku kadhaa, na mama ni mama. Akapanda Petta asubuhi ya manyunyu, njiani akitafuna jani la mululuza wa wigoni kama kawaida yake. Akachuma fungu la kwanza upande mmoja wa mwamba, akatafuna jani, uchungu ukamjaa mdomoni. Akazunguka, akachuma fungu la pili, akatafuna tena. Uchungu. Angejuaje kama ulikuwa wa jani hili au wa lile la kwanza, na ulimi ulishakufa ganzi? Akafunga mafungu yote mawili kwa kamba za mgomba, akampa Paddy wa bodaboda fungu moja alipeleke Molo, na maagizo kwamba Jovia achemshe jioni, anywe kikombe kizima.

Fungu lililobaki alilianika kwenye ungo. Mchana jua likatoka. Akageuza jani la kwanza: kijani. Akageuza la pili, la tatu, akaupindua ungo mzima. Kijani kitupu.

Akakaa chini palepale. Kati ya mafungu mawili, moja lilikuwa mwongo kwa hakika. Kama lile alilopeleka Paddy nalo lilikuwa mwongo, au kama lilikuwa zuri, hakujua, maana hata uchungu wa kwanza huenda ulikuwa wa mululuza wa wigoni aliotafuna njiani. Alichojua ni kwamba lilikuwa nyumbani kwa mwanawe, na jioni ilikuwa inakuja.

Simu ya Jovia ilikuwa imezimwa. Namba ya mume wake, Emong, hakuwa nayo. Angeiomba kwa uso gani? Huyo ni mkwe. Mama mkwe haingii nyumba ya mkwewe, hali kwake, hamtazami usoni, sembuse kumpigia simu kama mashoga wa sokoni. Tangu mahari itoke, Taaka na Emong walikuwa wamesalimiana kwa kupitia watu wengine, na wote wawili walijivunia jambo hilo.

Akamwita Paddy arudi, wakaenda mbio. Njia nzima aliomba kwa sauti, mpaka Paddy naye akaanza kuogopa bila kujua anaogopa nini.

Walipofika Molo, moshi ulikuwa unatoka jikoni. Taaka akasimama nje ya boma, mahali pa mama mkwe, akaita hodi. Kimya. Akaita jina la Jovia. Ndani kitu kikaanguka, kisha kimya tena. Baadaye ilijulikana kwamba Emong, kusikia sauti ya mkwewe, alijificha nyuma ya mlango kama adabu inavyotaka. Lakini Taaka alisikia kimya tu, na kimya hicho alikijua cha nini. Akavua viatu, akaivuka mila kwa miguu mitupu, akaingia.

Jovia alikuwa kitandani, macho wazi, kikombe mkononi, dhaifu hata kuitika. Taaka akakipiga kofi kikombe, dawa ikamwagika sakafuni.

“Umekunywa?”

Jovia akatikisa kichwa. Taaka akashusha pumzi, na hapo sauti ya mwanamume ikatoka nyuma ya mlango.

“Mimi ndio nimekunywa, mama. Niliona kwanza nionje, yeye ni mgonjwa.”

Emong alikuwa ameuelekea ukuta, asimtazame. Kikombe kizima, akasema. Taaka akakimbilia sufuria, akachota majani. Yamelowa, yamechemka, yote kijani, hata mama yake angefufuka asingeyatambua. Ilibaki njia moja tu.

“Dawa ilikuwaje mdomoni?”

“Ilikuwa nzuri tu, mama.”

“Haikuwa chungu?”

“Hapana, mama. Dawa yako ni tamu.”

Taaka akalia. Alilia kama anayelia msibani, amejishika kichwa, akiwaambia kwamba amemuua mtoto wa watu, kwamba dawa nzuri ni chungu na sumu ndiyo haina ladha, Paddy awashe pikipiki, wampeleke hospitali. Jovia akainuka kitandani na maumivu yake, akamshika mume wake shati.

“Emong, wacha heshima. Sema ukweli.”

Emong hakugeuka.

“Chungu, mama,” akauambia ukuta. “Chungu sana. Karibu nitapike. Mpaka sasa siusikii mdomo wangu.”

Taaka alikaa sakafuni kwa mkwewe, mahali ambapo hakupaswa kukanyaga maishani mwake. Akamwambia Paddy safari ya hospitali iko palepale, ila sasa ampeleke Jovia. Kisha akafuta pua kwa kanga, akatoa simu yake, na bila kumtazama akamwambia mkwewe amtajie namba.