Waliomwachisha Chelimo Masomo

Nianze na wahusika, kwa sababu niliitumikia serikali maisha yangu yote ya kazi na sikuwahi kuandika taarifa inayomficha mtendaji nyuma ya maneno kama "iliamuliwa" na "ilionekana". Waliomwachisha mjukuu wangu Chelimo masomo ya dini katika chuo kikuu ni baraza la wazee wa kanisa letu hapa Kuresoi, chini ya mwenyekiti wao, Mzee Kirui. Chelimo hakufukuzwa na chuo, hakushindwa na mitihani, wala hakuchoka. Aliambiwa na baraza hilo kwamba akiendelea na masomo yale, mtoto mchanga wa kaka yake hatabatizwa. Naye, kwa kumhurumia wifi yake aliyekuwa akilia jikoni, alifunga vitabu akarudi nyumbani kupalilia viazi. Chuo kinafunguliwa mwezi ujao.

Hilo likiwa limekaa mahali pake, mwanangu unayesoma haya, nipe nafasi nikueleze nilikojifunza ninayoyatetea.

Nakumbuka mchana mmoja wa mvua na ukungu, siku zile nami nilikuwa mwanafunzi wa dini, mwaka wa pili. Mke wa kakangu alikuwa amejifungua. Kwetu sisi, mtoto akizaliwa, akina mama hukaa naye ndani, na mkubwa wao huanza kuwataja watu wa ukoo waliotangulia mbele ya haki, jina moja moja, bila pupa. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya ndilo lake. Akikawia, hunusishwa ugoro kidogo. Wanaume hukaa nje, wakinyamaza kama watu wanaosubiri hukumu.

Mkubwa wa siku hiyo alikuwa nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Kogo. Nilikuwa nimeazimwa kinasa sauti na idara yetu chuoni, chombo kizito chenye kaseti, na Kogo alikuwa ameniruhusu kukiweka ndani karibu na mlango mradi mimi mwenyewe nibaki upenuni. Nikabaki. Nikasikia majina yakitajwa, kisha kimya, kisha kichafya kidogo kama cha paka, kisha vigelegele. Furaha yangu haikumaliza pumzi moja. Nilipochungulia, kaseti ilikuwa imesimama tuli. Sikuwa nimeibonyeza ikashika.

Basi nikaingiza kichwa mlangoni, na shahada yangu nusu, nikasema, "Kogo, tafadhali, hebu mrudie kidogo. Mashine haikuwa imeshika."

"Ati turudie nini?" akauliza shangazi yangu.

"Kutaja majina. Halafu mtoto apige chafya tena."

Mwanangu, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nilichekwa mpaka mtoto akaanza kulia. "Huyu ndiye wanatulipisha karo?" shangazi akasema. "Leteni huo ugoro tumnusishe yeye, tutaje watu wenye akili, tuone kama ataitika!"

Kogo hakucheka. Alijifunga kanga, akanifuata upenuni.

"Mtoto ameshafika," akaniambia. "Unataka afike mara mbili?"

"Ni ya masomo tu, Kogo."

"Nimemtaja ndugu ya babu yako, na mtoto ameitika. Watu wa nyumba ile wamesikia. Kuanzia leo mtoto huyu akilala njaa, aibu ni yao. Sasa nikirudia akaitika kwingine, atakuwa wa nani? Wale watasema ni wa hawa, na hawa watasema ni wa wale."

Nilikuwa kijana, na kijana aliyesoma kidogo ni mgumu wa kunyamaza. Nikamuuliza kama kweli aliamini kwamba marehemu yule alikuwa amesikia.

"Hayo sijui," akasema. "Mimi najua walio hai wamesikia. Toa chombo chako, kinamwagiwa maji."

Haya ndiyo maneno yaliyonifundisha kazi, kuliko mihadhara mingi niliyohudhuria baadaye. Nilikwenda pale nikitaka kupima imani ya mwanamke mzee, ilhali yeye alikuwa akigawa majukumu ya ukoo mzima. Kwake, ile ilikuwa ibada na ilikuwa pia ahadi iliyotolewa mbele ya mashahidi. Mtu asiyefundishwa kuona hivyo vyote viwili atakaa katikati ya watu wake akiwa mgeni, na mkimpa mamlaka atawaharibia.

Wenzangu serikalini walikuwa wakinitania. "Wewe ulisomea upadri ukakosa parokia," walisema, nami niliwaacha waseme. Nilipokuwa afisa wa tarafa mjini Nakuru, mafaili yaliyowashinda yaliletwa kwangu. Familia za Kalasinga, wale Wahindi wa dini ya Sikh, ziliomba kupita barabarani na maandamano yao ya sikukuu, siku ileile na saa ileile ambayo Waislamu wangejaa barabara hiyo wakitoka msikitini. Mkubwa wangu alitaka kuwanyima wote, kwa kuwa kunyima ndiyo njia rahisi ya kutawala. Mimi niliwaalika wazee wa pande zote mbili wanywe chai ofisini, nikawauliza wanafanya nini, kwa mpango gani, na nani huchukua jukumu la nini. Kabla ya chai kupoa walikuwa wamekubaliana wenyewe: Makalasinga wangengoja swala iishe, na vijana wa msikitini wangewasaidia kuzuia magari. Sikutoa amri hata moja. Kuuliza si ujinga, mwanangu, ila kuna kuuliza kunakofungua mlango na kuna kuuliza kunakoupiga teke. Tofauti hiyo husomewa.

Ndiyo maana Chelimo aliponiambia anataka kusoma dini na nafasi yake katika utamaduni, nilimpa baraka zangu bila kusita. Na niseme ukweli: yeye ni mwanafunzi bora kuliko nilivyokuwa. Mtoto wa kaka yake alipozaliwa, aliitwa ndani kwa sababu ni mwanamke na ni wa nyumba. Hakubeba chombo chochote. Alibeba maji ya moto, akashika taa, akamwogesha mtoto. Siku iliyofuata aliomba ruhusa ya mama na ya nyanya, kisha ndipo akaandika. Aliyoyaandika yalisomwa chuoni na kusifiwa. Sifa hizo zilifika kanisani zikiwa zimegeuka mashtaka.

Niliketi kando yake alipoitwa na baraza.

"Mzee, wewe ni mtu wa serikali, tunakuheshimu," Mzee Kirui alinianza. "Lakini huyu msichana anaita wafu."

"Sikuita mtu, Mzee," Chelimo akasema. "Niliitwa mimi, nilete maji. Nikaona, nikauliza, nikaandika."

"Ukaandika ya kwamba ni dini."

"Niliandika inasaidia watu kujua nani atalea mtoto."

Mzee mwingine akadakia. "Na tunasikia uliingia kwa hekalu ya Wahindi hapo Nakuru, ukatoa viatu!"

"Nilitoa, Mzee. Hata kwako hutoa, nikipata mama amepanguza sakafu."

Wawili wakacheka, mwenyekiti akawatazama wakaacha. Ndipo nikasimama. Nilimuuliza Mzee Kirui, kwa adabu ya kikao, ni kifungu gani cha katiba ya kanisa kinachofunga ubatizo wa mtoto kwa masomo ya shangazi yake.

"Mzee, tusiende huko kwa vifungu," akanijibu. "Hili ni jambo la kuombea. Msichana aache hiyo kozi, mtoto abatizwe, amani irudi."

Nikauliza tena. Akaanzisha sala ya kufunga kikao.

Tulipokuwa tukirudi, kwenye njia ya mashamba, nilimwambia Chelimo kwamba nitakata rufaa hadi ngazi ya juu. Akanishika mkono kwa sababu ya utelezi. "Kugo, wacha tu," akasema, akiniita babu kwa lugha yetu. "Mtoto abatizwe kwanza. Mimi nitajipanga." Vijana wetu husema hivyo kila wazee wao wanapowaangusha, nasi huwa tunasikia kana kwamba wamekubali. Chelimo hakukubali. Alitoa alichokuwa nacho ili mtoto asinyimwe chake, na watu wazima wakakipokea. Wiki tatu zimepita, mtoto bado hajabatizwa, maana sasa baraza linataka kwanza Chelimo aandike kwamba ameacha kwa hiari yake.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Ukipata nafasi ya kusoma dini, soma. Soma ya kwenu na ya jirani, usiogope kwamba kuijua ya jirani kutaimaliza ya kwenu. Imani inayokufa kwa kuulizwa swali ilikuwa ikiugua kabla ya swali. Omba ruhusa kabla ya kuingia, fanya kazi pamoja na watu kabla ya kuwaandika, na usimwombe mtu akurudie lililo takatifu kwa sababu wewe hukuwa tayari. Mtu akikuambia somo hilo halina kazi, mwonyeshe mitaa ya Nakuru na mashamba ya Molo, ambako watu huoa, huzika, hutahiri na kupatana kwa dini kabla ya sheria kuamka. Wala usilichukie kanisa lako likikukosea. Mimi ni Mkristo, nilibatizwa humu, nami nitazikwa humu. Wenye makosa wana majina, na kanisa si mali yao.

Nenda, basi. Mungu akupe sikio pana na ulimi usio na haraka. Akupe wazee watakaokukemea kwa faida yako, na ujasiri wa kusimama mbele ya wale wanaokukemea kwa faida yao. Chakula chako kisikose mwenza, na usiku usikukute mbali na mlango unaojua jina lako.

Na kwa baraza la wazee wa kanisa letu: ninataka, kwa maandishi haya na kwa saini yangu, Jumapili ijayo baada ya ibada, mbele ya waumini wote na si chumbani, kitajwe kifungu mlichotumia. Kama hakipo, sharti lifutwe papo hapo, mtoto abatizwe, na Chelimo arudi darasani bila kutia kidole kwenye karatasi yoyote. Tamko hilo lisisomwe na katibu. Litolewe na mwenyekiti mwenyewe, kwa sauti yake, yeye akiwa amesimama na Chelimo akiwa ameketi.