Bilauri ya Mama

Juzi nilipeleka barua kwenye hoteli ya Mjerumani, karibu na stesheni yetu ya Morogoro. Barazani nyuma alikuwa ameketi mama wa mchanganya vinywaji wa hoteli hiyo. Tangu asikie kwamba mwanawe, Mwislamu, anawachanganyia Wazungu pombe, hakuwahi kukanyaga pale. Juzi moyo ukamshinda, akashuka milima ya Uluguru kwa miguu.

Mwana akamkorogea maji ya ndimu, asali na tangawizi. Mama akaishika bilauri, asinywe.

"Mama, haina kileo."

"Najua. Kwetu anayekaribisha huonja kwanza. Umesahau?"

Mwana akaichukua, akaonja, akafumba macho. "Miaka yote hii nachanganya, sijapata kuonja kazi ya mikono yangu."

"Tamu?"

"Tamu, mama."

Ndipo mama akapokea. Kule ndani Mjerumani akagonga meza, anataka wiski yake.

"Subiri kidogo, bwana. Nina mgeni."

Nilikitazama kiboko cha Mjerumani, cha kuchapia watumishi, kilichotundikwa mlangoni, nikamwombea mama anywe upesi. Wapi! Alikunywa taratibu, kama mtu aliyefika kwa mwanawe.