Mstari Ambao Sikuuandika

Mwanangu, kabla hujavaa hiyo yunifomu ya ulinzi kesho, keti nikwambie habari ya Barasa. Siku aliyoitwa ofisini naikumbuka kama jana, na bado inaniuma.

Tulikuwa walinzi wa jengo moja refu kule West Bay, huku ugenini. Mimi nilikuwa nimetoka polisi nyumbani, kwa hiyo kitabu cha matukio nilikabidhiwa mimi. Kila jambo la zamu lilipita kwenye kalamu yangu. Usidhani najisifu, ngoja.

Kuketi lindoni lilikuwa kosa. Mchana mmoja nikamkuta Karim, mlinzi mwenzetu mweupe kutoka nchi nyingine, ameketi langoni, kofia kaivua. Msimamizi wetu naye akamwona. Akacheka, akanigeukia: "Hilo usiandike, ni joto tu." Sikuandika. Nikajiambia namhurumia Karim. Uongo mtupu! Nilikuwa namwogopa msimamizi. Ikawa hivyo mara ya pili, na ya tatu.

Kisha Barasa, mtu wa kwetu Bungoma, akaketi palepale, miguu imemvimba. Safari hii msimamizi alinisimamia mpaka nikaandika jina na saa. Wiki ileile Barasa akaitwa kwa kesi ya nidhamu, nami nikaitwa na kitabu changu.

Aliwaambia bila kuficha: "Mnanifukuza kwa ajili ya ngozi yangu. Karim huketi pale na hamumgusi."

Bwana wa ofisi hakupandisha hata sauti. Akakifungua kitabu, akakigeuza upande wetu. "Nionyeshe wapi."

Barasa akanitazama. "Afande, si uwaambie?"

Nikasema niliyoyaona. Nikaulizwa mbona sikuandika, nikainamisha macho kwenye kitabu. Kwa kitabu changu, mtu aliyewahi kuketi kwenye lango lile alikuwa mmoja tu, naye mweusi. Wakamrudisha nyumbani, na watoto wake walikuwa wakisoma kwa mshahara ule. Hakunilaumu, wallahi. Alinipa mkono tu, akabeba begi lake. Heri angenitukana.

Mwanangu, hakuna atakayeandika ubaguzi kwenye barua ya kukufukuza. Barua itasema uliketi, na itakuwa kweli. Kinachouonyesha ubaguzi ni yule mwingine aliyeketi akaachwa. Basi andika ya wote, mweupe na mweusi, jina na saa. Ukiambiwa usiandike, andika kwamba umeambiwa, na nani. Utaogopa, najua. Andika hivyohivyo.

Mungu akupe mkono usiotetemeka, na siku ya kurudi nyumbani kwa mama yako uichague mwenyewe.