Laini Haikuwa Imejaa

Kazi yangu ni kuendesha pikapu ya kampuni kutoka Makambako kwenda popote ambapo mteja analalamika kwamba laini yake ya data inasuasua. Benki, ofisi za halmashauri, viwanda vya chai, hospitali, wote wanakodi laini kwetu, na wakipiga simu karibu wote wanasema neno moja: imejaa. Mimi ni mwanamke, na wako wateja wakiniona nateremka na begi la kompyuta hutazama nyuma yangu kumtafuta fundi. Hilo nimelizoea. Ipo safari moja ambayo sijaizoea mpaka leo.

Ilikuwa hospitali ndogo ya kanisa, milimani, mbali na lami ya Njombe. Jina lake nitaliacha. Walikuwa na mashine ya eksirei ya kisasa, ile ambayo picha haitoki kwenye karatasi bali inaingia kwenye kompyuta, halafu inatumwa kwa laini yetu hadi kwa daktari bingwa mjini. Yeye anaitazama na kujibu. Sista mwangalizi wa hospitali aliniambia kwamba zamani picha zilikuwa zinapanda basi kama abiria, na majibu yakirudi mgonjwa ameshapona au ameshazikwa.

Malalamiko yao yalianza na mvua. Picha zilikuwa haziendi, au zinaenda kama konokono. Ofisini kwetu Makambako tuliijaribu laini tukiwa kwenye viti vyetu. Tulituma ujumbe mdogo wa majaribio, ukaenda na kurudi bila tatizo. Bosi akawajibu kwamba laini ni nzima, ila watu wao wanaitumia mno.

Sista aliliamini jibu hilo. Aliwafungia manesi mtandao kwenye simu zao, akawakaripia wahasibu, akazima hata kompyuta ya mapokezi. Picha ziliendelea kukwama. Basi macho yote yakamgeukia mtu mmoja tu ambaye kompyuta yake ilibaki inafanya kazi, yaani mpiga eksirei. Alikuwa Mpangwa wa Ludewa, mtu mzima, mpole, mwenye sweta la kijivu lililochanika kiwiko. Wakasema anapakua filamu. Wakasema anaangalia mpira. Sista alimwita mbele ya wenzake na kumwonya, naye hakujitetea, alisema tu kwamba hata yeye anashangaa.

"Nenda ukawaoneshe walivyoijaza," bosi aliniambia. "Wakubali kuongeza ukubwa wa laini, tumalizane."

Nilifika asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mipaina na barabara imegeuka uji. Kwenye korido kulikuwa na watu wa mbao, suruali zimejaa unga wa msumeno. Mwenzao alikuwa ameangukiwa na gogo wakati wanapakia Fuso. Walimlaza kwenye chumba cha kwanza, chali, vifuko vya mchanga vimewekwa pande zote mbili za kichwa ili asigeuze shingo. Alikuwa anaongea. Alikuwa anachezesha vidole vya miguu, na kila akivichezesha kaka yake alikuwa anasema, "Mnaona? Mzima huyu."

Mke wake alikaa kwenye benchi, amejifunga kitenge juu ya koti. Nilimsalimia kwa Kibena, "Kamwene," akaitikia, akanitazama vizuri.

"Wewe si wa Mahongole?" aliuliza. "Nakuonaga kanisani."

"Ndiyo, mama. Nyumba za karibu na shule."

"Basi sisi majirani. Ndiwe fundi wa mtandao? Maana hapa tunaambiwa tusubiri mtandao."

Nikamwambia ndiye mimi, nitafanya haraka.

Daktari wa zamu, kijana mwenye macho mekundu ya kukesha, alinieleza kwa ufupi. Picha ya shingo ilikuwa na mahali pasipoonekana vizuri, chini, karibu na mabega. Alishuku mfupa umevunjika ila hakuwa na uhakika. Alimhitaji bingwa aione kabla ya kuamua asafirishwe vipi. Picha ilianza kutumwa tangu kabla sijafika. Kwenye kompyuta ya mpiga eksirei kulikuwa na mstari wa bluu unaojaza kidogo kidogo, unasimama, unasogea, unasimama tena.

Nilianza na kile nilichotumwa kukionesha, msongamano. Nikafungua kifaa chetu, lile boksi linalokaa ukutani mwisho wa laini, nikatazama ni kiasi gani cha laini kinatumika. Nilitegemea kuona imejaa hadi ukingoni. Haikuwa imefika hata robo. Laini ilikuwa tupu, na bado picha ilikuwa haipiti.

Barabara ikiwa na foleni, unajua la kufanya. Ikiwa nyeupe na gari haliendi, basi tatizo liko kwenye gari.

Nikatazama hesabu za makosa. Upande wa boksi letu, pakiti, vile vipande vya data, zilizofika zimeharibika zilikuwa zinaongezeka huku naangalia. Upande wa swichi ya hospitali, kile kifaa kinachogawa waya kwenda vyumbani, ilikuwa migongano mitupu.

"Swichi hii mliiweka lini?" nilimuuliza mpiga eksirei.

"Mvua zilipoanza. Radi iliunguza ile ya zamani. Tukachomeka hii, taa zikawaka kijani, tukamshukuru Mungu."

Nikamwomba amwite sista na daktari. Sista alikuja ameshika rozari mkononi kama aliyetolewa kwenye sala.

"Sista, unaikumbuka redio koli?" nilimuuliza.

"Naikumbuka sana. Unabonyeza, unasema. Unaachia, unasikiliza."

"Swichi yenu mpya inaongea hivyo, kwa zamu. Boksi letu linaongea kama simu, linasema na kusikiliza kwa pamoja. Waliolifunga boksi waliliamrisha liwe hivyo, sawa na swichi yenu ya zamani, na lisijadiliane na yeyote. Swichi yenu ilipowashwa ikauliza, tuongeeje? Haikujibiwa, ikachukua zamu. Sasa wote wawili wanasema kwa wakati mmoja, swichi inadhani wamegongana, inanyamaza, inarudia. Neno dogo linapita. Ndiyo maana sisi kule Makambako tulidhani laini ni nzima. Picha ni neno refu."

Sista aliitazama swichi. "Kwa hiyo si watu kutumia sana?"

"Hapana. Laini haikuwa imejaa hata siku moja."

Mpiga eksirei alikuwa ameinamia kibodi, hakugeuka.

"Unaweza kurekebisha?" daktari aliuliza.

"Ni amri moja tu, boksi letu likubali kujadiliana. Ila laini itakatika kidogo, na picha hii itaanza upya."

Hapo mpiga eksirei aligeuka. "Imeshapita nusu, fundi. Tumekaa nayo asubuhi nzima. Ukikata na isirudi?"

Swali lilikuwa la haki. Nimewahi kuona boksi likiwashwa upya likagoma. Sikuwa na jingine kwenye gari. Mstari wa bluu ulikuwa umesimama, kisha ukasogea kidogo kama unatutania. Nesi aliyekuwa na mgonjwa akaja mlangoni kusikiliza, na wale wa mapokezi nao wakaja. Chumba kile kidogo kikajaa watu wanaopumua moshi kwa baridi, wote wananitazama mikono.

"Kata," daktari akasema.

Nikakata. Taa ya boksi ilizimika, ikawaka rangi ya chungwa, ikapepesa, na mimi nilikuwa nasali bila maneno. Ikawa kijani. Mpiga eksirei akabonyeza kutuma. Mstari wa bluu ulijaa kwa mkupuo, tulidhani kompyuta imekosea. Bingwa mjini alikuwa anasubiri kwenye simu, na daktari alimsikiliza huku akiitikia, "Ndiyo. Ndiyo, mkuu." Akafunika simu kwa kiganja.

"Mfupa umevunjika na umekaa vibaya. Asinyanyuliwe kabisa. Asikalishwe. Asafirishwe amelala kwenye ubao, shingo imefungwa."

Sista alimgeukia mpiga eksirei. Nadhani alitaka lisikike na wale wote waliosikia alivyomkaripia. "Baba," alisema, "nisamehe. Nilikusingizia mbele ya watu, na mbele ya watu..."

Mpiga eksirei hakumngoja amalize. Alikuwa anamtazama nesi.

"Nani amebaki na mgonjwa?" aliuliza.

Tulikimbia wote. Kitanda kilikuwa kitupu. Vifuko vya mchanga vilikuwa sakafuni, na kimoja kilipasuka mtu alipokikanyaga. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alituambia kaka wa mgonjwa amepata gari la mtu anayeshuka mjini, dereva alikuwa na haraka, wakamwinua mgonjwa, wakamweka mbele katikati ya watu wawili wamshikilie. Walisema hapa hakuna huduma, kuna mtandao tu.

Daktari alipiga simu ya mke. Haikupatikana. Kwenye yale mabonde haipatikani mpaka ufike juu ya kilima chenye minara ya simu. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mjamzito mjini. Daktari aliangalia pikapu yangu, na mimi nilikuwa nimeshatoa funguo.

Tuliwakuta wamesimama penye rundo la mbao kando ya msitu. Mlango wa gari ulikuwa wazi. Kaka mtu alikuwa amemkumbatia mdogo wake kwa mbele, anamwambia, "Shika mkono wangu, shika," na mkono wa mgonjwa ulikuwa umelala kwenye paja lake mwenyewe kama kitu cha mtu mwingine. Macho yake yalikuwa wazi. Aliniona, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, siisikii mikono."

Tulichukua ubao mmoja kwenye lile rundo. Daktari alimshika kichwa, sisi wengine tukambeba kwa pamoja kwa kuhesabu, tukamlaza, tukamfunga kwa vitenge na kamba ya mizigo. Niliendesha hadi Njombe polepole. Mke alikaa nyuma kwenye mvua akiushikilia ubao, na kwenye kioo nilimwona anaongea naye njia nzima. Sijui alikuwa anamwambia nini.

Bosi alipiga simu nikiwa uwanja wa hospitali ya mjini, nguo zimelowa.

"Umewaonesha?"

"Hapakuwa na msongamano. Ilikuwa dupleksi. Boksi letu na swichi yao hazikuelewana ziongee kwa zamu au kwa pamoja."

"Tutawaambia umeondoa msongamano. Mteja haelewi dupleksi."

"Nimeshawaeleza," nikamwambia. "Wameelewa."

Mgonjwa alirudishwa Mahongole baada ya wiki nyingi, mwili hauna kazi kuanzia mabegani. Nilikuwa naenda kumwona Jumapili baada ya ibada. Alipenda nimweleze habari za njiani, barabara ipi imechongwa, msitu upi umekatwa. Mke alimgeuza usiku na mchana ili asipate vidonda, lakini vidonda vilikuja. Kisha kikohozi. Alifariki kipupwe, wakati upepo wa Makambako unapeperusha hata mabati.

Mpiga eksirei aliomba kuacha kazi. Sista alimsihi abaki, na akamwomba radhi tena, kikamilifu, mbele ya wafanyakazi wote. Yeye alimsamehe sista na akaondoka vilevile. Nasikia analima viazi Wanging'ombe kwa wakwe zake, na hataki kazi yenye kompyuta.

Msibani, baada ya mazishi, mke aliniita ndani. Walikuwepo wanawake wa kwaya, na kaka wa marehemu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, kofia mikononi.

"Nilikuwa sijakuuliza," mke alisema. "Ile siku, mtandao ulikuwa na nini?"

Nilimweleza kama nilivyomweleza sista, kuhusu redio na simu, na radi iliyounguza swichi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuna mtu wa kulaumiwa."

"Mama, wako watu waliotakiwa kutazama wakasema tu imejaa. Ofisini kwetu. Radi haikusema hivyo."

Alitikisa kichwa taratibu. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu kwangu kama angekasirika.

Kaka mtu aliongea bila kuinua uso. "Picha ilifika lini? Baada ya sisi kuondoka, ilikaa muda gani?"

Nilijua anachouliza. Daktari alishaniambia kwamba pengine uti wa mgongo ulikuwa umeshaumia tangu gogo lilipoanguka, pengine siyo, hakuna atakayejua. Nilimpa maneno hayo yote kama nilivyopewa.

"Sikuulizi hayo," alisema. "Tungengoja kidogo tu?"

Wanawake waliacha kuosha vikombe.

"Kidogo," nikasema. "Lakini hamkuambiwa mnangoja nini. Mliambiwa mtandao."

Alivaa kofia yake, akatoka. Nje wanaume walikuwa wanapasua kuni za msiba. Kupitia mlangoni nilimwona anachukua shoka mkononi mwa mmoja wao, bila kuomba, anaanza kupasua, na wenzake wakarudi nyuma wakamwachia nafasi.