Akafungua Kinywa, na

Rafiki yangu, bado nina hasira, kwa hiyo usitarajie nianze kwa kukujulia hali. Jumamosi iliyopita niliitwa Kawangware kwenye ufunguzi wa ukumbi wa muziki wa vijana. Niliitwa kama mwanamuziki mkongwe, yaani mtu ambaye wimbo wake huchezwa harusini wakati wageni wakisubiri pilau. Mada niliyopewa niliipenda: vitabu vinavyoweza kumtia mwanamuziki moto wa kutunga. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nikaingia, nikapewa soda, nikageuka kutafuta kiti, na hapo ukutani nikaliona kabati.

Kabati la mbao nyekundu, milango miwili ya kioo, kufuli la shaba. Vitabu vimepangwa ndani kwa urefu kama watoto wa shule siku ya gwaride. Mguu mmoja ulikuwa umeungwa kwa kipande cha mbao nyeupe, na mimi namjua fundi aliyeuunga.

Nikamwuliza msimamizi wa ukumbi, kijana mtanashati mwenye kadi ya jina shingoni, kama hawa vijana wanaruhusiwa kuvisoma.

"Zii, madam," akasema akicheka. "Hizo ni za display. Tukiwapea watazichafua."

Watazichafua! Damu ilinichemka hadi nikaiweka soda chini. Neno hilohilo niliambiwa nikiwa mtoto katika mtaa wa mabanda wa Kianda, na kabati lenyewe lilikuwa hilohilo. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, ama utadhani nimezeeka vibaya.

Mimi nililelewa na nyanya, na kama watoto wengi wenye asili ya mkoa wa Magharibi nilimwita Kukhu. Alikuja Nairobi akiwa mjane. Babu alipofariki, shemeji zake walichukua shamba, wakachukua na ng'ombe, kisha wakamwambia kwamba akitaka hata kona ya kupanda mboga, aje mbele ya ukoo aombe radhi. Radhi ya nini, hakuna aliyemwambia. Hakuomba. Alipanda basi na sufuria yake, akapangisha chumba Kianda, akaanza kuuza karanga kando ya njia inayoteremka kutoka kituo cha basi cha Olympic. Habari hiyo aliisimulia mara moja tu, akipepeta maganda, na alipomaliza alisema, "Basi." Ukijaribu kuuliza zaidi unapewa kazi ya kuteka maji.

Harufu ya karanga zile ninayo hadi leo. Alizikaanga kwa chumvi na mchanga, mwiko ukikwaruza sufuria tangu tunapotoka shule hadi watu wa mjengo wanaporudi na matope kwenye viatu. Kazi yangu ilikuwa kuchekecha mchanga na kupanga karatasi. Karatasi zilitoka kwa mtu wa skrepa, aliyempelekea vitabu vikuukuu kwa gunia: vya hesabu, vya kilimo, vya dini, vya hadithi. Kukhu alichana ukurasa, akauviringa kama pembe, akakunja ncha, akamimina karanga. Alichana kuanzia mbele kwenda nyuma, daima, kama mtu anayekula hindi la kuchoma mstari kwa mstari. Ukimwona mtoto mwingine anachana katikati, ujue hajafunzwa na Kukhu.

Wateja walisema, "Nifungie za kubeba." Sisi watoto tulikuwa na yetu: "Kukhu, nifungie na hadithi." Maana yake, usinipe ukurasa wa hesabu, nipe unaofuata ule wa jana. Naye alifoka kila siku, "Unataka karanga ama unataka shule?" Alifoka huku akipekua. Kama ukurasa wako ulikuwa umemwendea fundi cherehani wa Lindi, mtaa wa pili, ulienda Lindi ukaubembeleza.

Sasa tatizo la ukurasa wa karanga ni kwamba hauishi. Mafuta yanauloweka, chumvi inaukwaruza, kabla ya giza maneno yamekuwa madoa. Ukitaka kubaki na kitu lazima ukitie kichwani upesi, na njia ya upesi tuliyoijua ni kuimba. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa fundi wa mbao, Mjaluo mrefu mwenye gitaa alilojitengenezea kwa debe la mafuta ya kupikia. Tukimletea ukurasa anasema, "Haya, leteni hiyo stori kabla iteleze." Anautafutia tuni. Mara nyingine tuni ya kanisani kwa Kukhu, mara nyingine ya kwao ziwani, mara nyingine mlio wa msumeno wake tu. Aya ya kitabu cha kilimo kuhusu kupalilia maharagwe tuliifanya wimbo wa kucheza, na ulichezeka! Usiniulize basi nilisomea muziki wapi.

Kisha kikaja kitabu cha mjane. Hakikuwa na jalada, kwa hiyo jina lake hatukulijua. Kilikuwa hadithi ya mwanamke aliyefiwa na mume, mashemeji wakamnyang'anya nyumba na kumkataza kuomboleza msibani. Akaanza kutembea boma hadi boma akiimba maombolezo yake, na kila boma wanawake wakaacha kazi wakamfuata. Ulikuwa wakati wa mvua za masika. Mabati yalikuwa yakivuma hadi fundi akapandisha sauti ya gitaa, na sisi tumejibana chumbani mwake tukiimba boma baada ya boma, tukilia kama watu waliofiwa wenyewe. Kukhu alikuwa mlangoni na beseni lake la karanga, haimbi. Yeye ambaye kanisani sauti yake ilikuwa inasikika hadi kwa muuza makaa.

Ukurasa wa mwisho tulioupata ulimfikisha mjane kwenye lango la mashemeji. Wametoka wote, wamesimama na fimbo. Wanawake wa maboma yote wako nyuma yake, kimya. Na mstari wa chini kabisa ulisema: Akafungua kinywa, na

Basi. Hapakuwa na zaidi. Nikakimbia kwa Kukhu kudai unaofuata.

"Hiyo niliwashia jiko," akasema.

Nililia kwa hasira. Kukhu hakuwashia jiko karatasi hata siku moja! Karatasi ilikuwa mali. Jiko letu liliwashwa kwa vipande vya mpira na takataka za mbao za fundi. Nikamwambia ameniua. Akaniangalia, akasema, "Wacha kulia. Imba." Nikarudi kwa fundi nikiwa nimevimba, na kwa kuwa sentensi ilikatikia hapo, tukaimba palepale ilipokatikia: na, na, na. Fundi akaongeza mkono, mmoja wetu akapiga ndoo, na kila mtoto akatia mwisho wake. Mwingine alisema mjane alifungua kinywa na fimbo zikaanguka. Mwingine, na ng'ombe wakavunja zizi wakamfuata. Mimi nilisema, na ukoo mzima ukasahau majina yao.

Hiyo "na, na, na" ndiyo unayoisikia harusini. Watu husema ni sauti tu ya kujazia. Mtangazaji mmoja aliwahi kuniambia hewani kwamba ningeweka maneno hapo wimbo ungefika mbali. Nilimsamehe kwa shida.

Halafu wageni wafadhili wakailetea shule yetu vitabu. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa mwenye maploti Kawangware, mtu wa suti na kofia, na yeye ndiye aliyeagiza kabati lenye vioo. Lilipovunjika mguu kwenye njia ya matope, fundi wetu aliitwa akauunga kwa mbao aliyokuwa nayo. Tulishangilia vitabu vile, Mungu anajua. Tukabandika pua kwenye kioo. Tukangoja siku ya kufunguliwa. Kwetu kufungia ilikuwa ni kumpa mtu kitu aende nacho. Hawa walifungia ili mtu asikiguse.

Siku ya wageni ilipofika, mwalimu wetu alifungua kufuli, akampa kila mtoto kitabu kimoja akishike kifuani, jalada mbele. Nilipenyeza jicho ndani ya changu. Boma. Mjane. Fimbo. Kilikuwa kile kile, kizima, kinanuka upya! Nikafunua haraka kwenda nyuma, nikalitafuta lango, nikaliona, nikauona mstari, na kidole changu kikashika ukurasa kuugeuza.

"We! Unasoma nini?" Mwalimu alikuwa ameshafika. "Umeambiwa ushike, si usome. Utazichafua!"

Akakinyakua. Akanipa kingine chembamba, nikapigwa picha nikiwa na machozi, na nasikia picha ile ilipendwa sana huko ilikoenda, wakidhani ni machozi ya shukrani. Baada ya chai kabati likafungwa. Nilimwomba mwalimu, nikamwomba mwenyekiti mwenyewe akitoka na wageni. Alinipapasa kichwa akasema vitabu ni hazina. Hazina! Hakufunguliwa tena mtoto yeyote. Kukhu akafariki nikiwa darasa la mwisho, na beseni lake akalirithi jirani. Miaka mingi baadaye zikaja alama nyekundu za X ukutani, kisha tingatinga, na shule ikalala chini pamoja na chumba chetu na cha fundi, barabara ipite. Watu walikimbizana na magodoro. Lakini pickup ya mwenyekiti ilikuwa imekuja asubuhi mapema kuchukua kabati, likahifadhiwe. Kati ya vyote vya Kianda, kioo ndicho kilichookolewa.

Sasa unaelewa kwa nini Jumamosi nilisimama mbele ya maikrofoni nikasema sitatoa neno hadi kabati lifunguliwe. Mkurugenzi wa ukumbi ni mtoto wa yule mwenyekiti. Alidhani ni mchezo wa jukwaani, akatabasamu, akatoa ufunguo mfukoni na kusimama upande ambao kamera ingempata vizuri. Nilimpita. Kitabu kilikuwa rafu ya pili, kinanuka dawa ya nondo, na nilipokifunua uti wake ulilia kwa kuwa hakuna aliyeufunua tangu siku ile. Binti mmoja mwenye hedifoni shingoni, mmoja wa hao wanaorap, alikuja akachungulia begani pangu. Nikageuza ule ukurasa.

Akafungua kinywa, na kwa unyenyekevu akawaomba shemeji zake radhi.

Ndiyo. Soma tena kama mimi nilivyosoma tena. Aliwaomba radhi, wakamwinua, wakampa kona ya kupanda mboga, wanawake wote wakashukuru na kurudi makwao. Mwisho, na kipicha cha maua chini yake.

"Ati radhi?" binti akasema kwa sauti hadi maikrofoni ikamnasa. "Radhi ya nini na hajafanya kitu? Auntie, huyu mathe ameniangusha."

Mimi sikumwaza mjane. Nilimwona Kukhu, aliyechana vitabu mbele kwenda nyuma maisha yake yote, akikichukua hiki kimoja na kukichana mwisho kwanza. Alikuwa amekisoma. Alisoma neno lile lile alilokataa kulitamka mbele ya ukoo, akalitia motoni, kisha akasimama mlangoni na beseni akisikiliza watoto wakitafuta neno lingine.

Na hapo ndipo hasira yangu yote ilipopanda upya, na hadi leo haijashuka. Wangeniacha nigeuze ukurasa siku ile! Ningekikasirikia kitabu nikiwa bado na magoti machafu, ningekimbia hadi njiani, ningemwambia, "Kukhu, nimejua kwa nini." Angefoka, angenituma maji, lakini angejua kwamba najua. Walichonifungia mle kabatini si mwisho wa hadithi. Ni mazungumzo na mtu ambaye hayupo tena. Hayo hata wakinipa funguo zote za Kawangware siyapati.

Msimamizi alinijia akininong'oneza nirudishe kitabu kabla hakijapinda. Niliuchana ukurasa ule mbele yake, nikatoka nao nje, na binti akanifuata. Langoni palikuwa na mama anauza karanga. Siku hizi wanafunga kwa karatasi mpya ya khaki, safi, isiyo na neno hata moja. Nikamwomba anifungie kwa karatasi yangu, akashangaa, akaiviringa. Tulikula pale tumesimama, binti na mimi, mafuta yakapita kwenye radhi yote hadi ikasomeka vibaya, nikaikunja nikaitupa kwenye jiko la yule mama.

"Sasa anasema nini akifungua mdomo?" binti akauliza.

Nikamwambia nilichoambiwa na Kukhu: "Imba." Akajipangusa chumvi mkononi, akaanza na "na".