Hodi ya Jabali

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu upande wa Makangale, hatukukanyaga jabali la pwani bila kupiga hodi. Lilikuwa pana, limeinuka juu ya maji, na wanawake walianika mwani pale. Chini yake bahari ilikwisha kula, ikaacha pango. Bibi, mama yake baba, alisema pangoni mna wenyewe, wasioonekana kwa macho. Ukipiga hodi pakawa kimya, pita. Ukisikia pumzi ikitoka kwenye tundu la katikati ya jabali, rudi nyumbani.

Siku moja ya dhoruba, baada ya alasiri, mwani wetu wote ulikuwa juu. Bibi akapiga hodi. Tundu likapumua pumzi ndefu, ya baridi, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Leo hawataki," akasema.

"Mama, hayo mawimbi tu," mama yangu akajibu, gunia tayari mkononi. "Nikingoja wakubali, mwani utakwenda na maji."

"Haya nenda. Wakikuuliza nani kakutuma, usinitaje miye."

Mama akacheka, akapanda. Wimbi likapiga chini, nikausikia mtetemo nyayoni. Nyuma ya mama ukajichora ufa mwembamba. Yeye ameinama anakusanya, hakuuona.

Bibi, aliyenichapa mara ngapi kwa kusahau hodi, alikimbilia juu bila kuipiga.

"Wacha mwani, weye, njoo!"

Akamvuta kwa ncha ya kanga. Walipofika niliposimama, ukingo ulishuka baharini na mwani wake, taratibu, kama mtu anayekaa kitako.

Tangu hapo, kila bahari ikichafuka na sakafu ya nyumba ikatetemeka, Bibi aligeukia mlango na kusema, "Karibu." Hapakuwa na mtu. Mama hakumcheka tena. Alikwenda kufungua, akasubiri kidogo, akafunga polepole.

Sasa nami ni mama. Shuleni tulifundishwa kuwa mawimbi hulitafuna jabali kutoka chini, na kweli, kila dhoruba ukingo unazidi kuzisogelea nyumba zetu. Lakini mimi hubaki na lile moja: Bibi aliwaogopa wenyewe kuliko mtu yeyote niliyemjua, na aliingia kwao bila hodi kwa ajili ya mtoto wa watu.

Juzi bahari ilichafuka, sakafu ikatetemeka. Binti yangu, ambaye hakuwahi kumwona Bibi, aliacha kuchezea kifuu chake, akautazama mlango.

"Karibu," akasema.

Niliinuka, nikaenda kufungua.