Njegere za Mama Mkwe

Nimejenga nyumba nne hapa Mapinga kwa matofali niliyofyatua mwenyewe, na darasa la tano sikulimaliza. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba mimi si mtu wa kushindwa na mboga. Lakini njegere zilitaka kunishinda.

Mama mkwe wangu alishuka kutoka milimani Lushoto baada ya kumzika mumewe. Hakuwa na mtoto mwingine aliyebaki isipokuwa mke wangu. Tulimpa chumba cha mbele, chenye feni na kitanda cha mninga. Wiki ya tatu akaanza kufunga mabegi. Hali chakula. Wali wa nazi unamkinaisha, samaki ananuka, joto linamkaba koo. Na huko alikotaka kurudi kuna nyumba tupu na baridi ambayo kifua chake hakiiwezi tena. Majirani walishamkuta mara mbili ameanguka jikoni. Mke wangu alikuwa akilia bafuni, amefungulia bomba akidhani sisikii.

"Anataka nini hasa?" nikamuuliza.

"Njegere. Zile changa, bapa, za kuliwa na ganda lake. Za sokoni zikifika huku zimeshasinyaa, hazigusi."

"Basi nitapanda."

Akaniangalia. "Mume wangu, hizo ni za baridi. Hapa utavuna makapi."

"Mwambie mama asiondoke mpaka zizae."

Masika yalikuwa yamekwisha, kipupwe kinaingia. Nikachagua ubavu wa nyumba ambao hauchomwi na jua la mchana, nikapiga matuta, nikatia samadi. Mtu mwingine angechomeka vijiti ili zitambae. Mimi nikasimamisha nondo, nikazifunga kwa waya wa ujenzi, zimenyooka kama nguzo za benki. Jirani akachungulia. "Mzee, ghorofa ngapi hiyo?" Nikamwambia asubiri aone.

Maji ndiyo kabisa hayakunitia wasiwasi. Kisima changu nilikichimba kwa sururu na mikono hii, wakati mtaa mzima unasubiri maboza. Nikamwagilia asubuhi na jioni, bila uchoyo.

Zikaota, nikatamba. Zilipofika magotini, majani yakaanza kuungua pembeni na kugeuka manjano. Nikaongeza maji. Zikazidi.

Sasa, kwetu mtu haongei ovyo na mkwewe. Nikipita, mama anavuta ushungi na kugeukia ukutani. Nasema "Shikamoo mama" nikitazama chini, ananijibu "Marahaba baba," basi. Neno lolote zaidi ya hapo hupitia kwa mke wangu, na siku hiyo mke wangu alikuwa msibani Kaole. Nimechuchumaa tutani, nimeshika jani lililokauka, nikamsikia mama upande wa pili wa ua wa makuti akisema na kuku.

"We kuku, nikikunywesha chumvi kila siku, utataga?"

Nikasikia kuku akipekua mchanga.

"Mwenye nyumba hii chai yake inapikwa kwa maji ya mvua, ya tangini. Ya kisima akiyaonja anatema. Mimea ndiyo haina ulimi?"

Nikaliweka chini kopo la kumwagilia. Uso ukaniwaka moto. Nikaligeukia jembe langu. "We jembe, mbona siku zote hizi hukuniambia?"

"Kuku," akasema mama, "nani angethubutu, na kila mgeni anaambiwa kisima hiki hakina mfano Pwani nzima?"

Nilijizuia nikashindwa, nikacheka. Na nyuma ya makuti nikamsikia naye anacheka, mara ya kwanza tangu aje kwangu.

"Na vile vyuma, kuku, jua likiwaka vinaunguza vikono vya miche. Kwetu tunachomeka fito."

Siku ile ile niling'oa nondo zote, jirani akiangalia. Nikachomeka fito. Maji ya tangi nikayaweka kwa ajili ya chai na njegere. Sisi tukaoga ya kisima. Nusu ya miche ilikufa. Iliyobaki ikapanda, ikatoa maua meupe. Kila jioni nilikwenda na jembe langu, yeye na kuku wake, tukaongea. Mke wangu alisema tumerukwa na akili.

Mavuno ya kwanza yalijaa bakuli moja. Mama alizipika mwenyewe, kwa kitunguu na mafuta kidogo. Nilikula sebuleni, yeye jikoni, mke wangu amesimama mlangoni akitutazama wote wawili.

"Amekula?" nikanong'ona.

"Amemaliza. Anafuta sahani kwa kidole."

Nilifurahi, halafu nikaogopa. Ombi langu lilikuwa akae mpaka zizae, na zimezaa. Joto lilirudi, majani yakakauka, nami nikawa sikanyagi bustanini, kana kwamba nisipoona hazitakwisha.

Asubuhi moja nikaenda kung'oa fito. Mama alikuwa ndani ya bustani, bila kuku, anachuma maganda makavu na kuyatia kwenye pindo la kanga. Nikageuka niondoke.

"Baba," akaniita, akitazama udongo. "Hizi mbegu. Mwakani tupande mapema kidogo, tangi likiwa limejaa."

"Sawa, mama," nikasema, nami nikitazama udongo.

Kesho yake nilikwenda kununua tangi la pili.